Mtungi wa gesi unatoa jasho na ndani nasikia kama maji, nimepigwa?

mama_wawili
Habarini wapendwa, naombeni mnieleweshe. Nina mtungi wa kilo 6, jana nimechemsha maharage kama masaa mawili moto mkubwa, kuja kugusa mtungi wa baridi kabisa afu chini umelowa matone kama soda imetoka kwenye friji, nikautikisa nasikia maji yanacheza ndani. Jirani anasema wamenijazia maji. Nimenunua kwa hela ya mchezo jamani, roho inaniuma.

fundi_mafriji
Dada hujapigwa, hayo unayoyasikia ndo gesi yenyewe. Humo kuna propeni na butani, huku nje propeni inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri na butani karibu na sifuri, kwahiyo zikiwa huru ni hewa tu, ila zikibanwa kwenye chuma zinakuwa kimiminika, na lita 1 ya hicho kimiminika ikitoka inakuwa kama lita 250 za gesi, ndo maana kamtungi kadogo kanapika siku nyingi. Ukifungua koki presha inashuka, kimiminika kinachemka humo humo. Sasa kuchemka kunataka joto. Maharage umeyawashia moto, mtungi hujauwashia, kwahiyo joto linanyonywa kwenye chuma na hewa ya pembeni. Friji nazotengeneza kila siku zinapooza kwa njia hiyohiyo.

mama_wawili
Asante kaka, na yale matone ya nje? Haivuji kweli?

fundi_mafriji
Haivuji, huo ni mvuke wa hewani, na ulivyochemsha masaa mawili jikoni ulikuwa mwingi, umegusa chuma baridi ukarudi kuwa maji. Na angalia jasho linapoishia kwa juu, gesi imebaki mpaka hapo.

baridi_ya_njombe
Kumbe! Huku mwezi wa 7 asubuhi moto unakuwa mdooogo na mtungi haujaisha, jamaa kanishauri niusogeze kwenye jiko la mkaa upate joto

fundi_mafriji
USITHUBUTU mkuu, presha inapanda mtungi unaweza kupasuka. Wala usiulaze, kitatoka kimiminika badala ya gesi, moto utaruka. Punguza moto uupumzishe.
Na dada, ili roho itulie, ukiisha kaupime kwenye mizani, uzito wa mtungi mtupu umeandikwa palepale kwenye chuma. Maji hayaungui, yangekuwemo ungebaki mzito.

mama_wawili
Sawa kaka, naandika huo uzito ukutani leo leo