Walimu, tupeane uzoefu: mwanafunzi gani mdogo amekufanya umvulie kofia?

Chaki ya Kijijini:
Wakuu, mvua zimeanza huku Bonde la Kilombero, nikamfikiria kijana wangu mmoja wa kidato cha pili. Waliofundisha huku wanajua: msimu wa mpunga ukifika wazazi wanahamia mashambani, watoto wanabaki kijijini na debe la unga. Huyu kabaki na mdogo wake wa darasa la kwanza. Alfajiri anakoroga uji, anamvusha mto, anamfikisha shule ya msingi, ndipo aje kwetu. Paredi anaikosa kila mara. Nilipokuwa zamu nikamuuliza, akajibu bila kulalamika: "Mwalimu, yule bado mdogo, maji yatamchukua."

Nafundisha Fizikia. Hesabu anazifanya kwanza kwenye mchanga kwa kijiti, jibu likikubali ndipo ananakili kwenye daftari, maana daftari likiisha hajui jingine litatoka wapi. Na wenzake wakikwama kuunganisha sakiti, wanamwita yeye. Namheshimu yule mtoto kuliko watu wazima wengi ninaowafahamu. Nani mwingine ana wake?

Mama Junior:
Umenikumbusha mbali. Wangu alikuwa anauza maandazi ya bibi yake kabla ya kipindi cha kwanza.

Mzee wa Zamu:
Namsifu kijana, lakini kuchelewa ni kuchelewa. Ukimwachia mmoja, kesho darasa zima lina wadogo wa kuvusha.

Binti Ubao:
Mzee wa Zamu, umeisoma kweli? Mtoto analea mtoto mwenzie, wewe unawaza fimbo! Hata kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule na kwa kosa kubwa. Kumvusha mdogo wako mto ni kosa gani?

Mzee wa Zamu:
Fimbo umeitaja wewe. Mimi nasema aandikiwe ruhusa, ijulikane ofisini, asisumbuliwe na kila mwalimu anayeingia zamu.

Sekondari ya Kata:
Ngoja na mimi niutoe huu mzigo. Zamani binti akipata mimba tulifuta jina kwenye rejista, habari yake ikaishia hapo. Serikali iliporuhusu warudi, Novemba 2021, kwetu alirejea mmoja, kidato cha tatu. Wadogo zake kiumri wakawa wanamwita "mama" darasani. Mtoto alikaa na bibi kwenye banda la mama ntilie jirani na shule. Saa nne wenzake wanapanga foleni ya uji, yeye anakimbia kunyonyesha.

Akafika kidato cha nne. Siku ya mtihani wa utamilifu, Hisabati, kaja moja kwa moja kutoka kituo cha afya. Mtoto alikuwa na homa usiku kucha. Sare kaibeba kwenye mfuko, akabadilishia chooni. Nikamwambia rudi kwa mwanao, huu si mtihani wa Taifa. Akasema, "Nikianza kukosa, nitazoea kukosa." Katikati ya mtihani maziwa yakalowesha blauzi. Wavulana wa nyuma wakaanza kucheka. Binti akavuta sweta kwenye mfuko, akalivaa na joto lote lile, kalamu haikusimama. Nikawatoa wale wavulana nje, nikasimama nao mlangoni huku nimeshindwa kuongea.

Mama Junior:
Chozi limenitoka.

Mlezi wa Zamani:
Na aliyempa mimba?

Sekondari ya Kata:
Alihama usiku. Sheria ni miaka 30 jela tangu 2016, lakini wazee wa pande mbili walikaa wakamalizana.

Baba Mapacha:
Mkiwasifu hivi, wengine wataiga.

Binti Ubao:
Aige nini? Kukesha na mtoto mwenye homa kisha afanye Hisabati? Ungemwambia hivyo usoni?

Mlezi wa Zamani:
Mtoto alipona? Na binti kafaulu?

Sekondari ya Kata:
Mtoto ni mzima kabisa. Binti yuko chuo cha uuguzi.

Baba Mapacha:
Hongera zake, hilo sipingi.

Mlezi wa Zamani:
Chaki, wa kwako mpeleke kwa ofisa ustawi wa jamii.

Mama Junior:
Usithubutu! Watawatenganisha. Wewe mpe hela kidogo kila wiki.

Mlezi wa Zamani:
Hela mkononi kwa kijana? Lipia mchango wa chakula shuleni, basi.

Mama Junior:
Basi mnunulie kuku mtetea, mayai hayana riba!

Chaki ya Kijijini:
Nimewasoma wote. Daftari nimeshampelekea, na mchango wa chakula nitaulipa. Mzee wa Zamu, ruhusa ya maandishi naichukua, Jumatatu naonana na mkuu wa shule. Mama Junior, kuku hapana, vicheche wa huku hawabakishi.