Naomba ushauri: alama za kisiasa kwenye trela (kionjo cha filamu) tuzipimeje?

Wakuu, trela ya dakika mbili na nusu, kwa picha 24 kwa sekunde, ina picha 3,600. Ukizisimamisha moja moja hukosi bendera au ngumi iliyoinuliwa. Shida ni uhariri: mara nyingi anayekata trela siye aliyehariri filamu, na sauti ya tukio moja huchomekwa juu ya jingine. Hotuba ya dikteta ikipita juu ya umati unaoshangilia, huenda umati ule uko harusini! Kuzima sauti kwanza, kisha kusikiliza bila picha, kunafichua viraka hivyo. Sasa, alama ijirudie mara ngapi ndipo tusiite pambo? Na rangi tuziamini, ilhali hurekebishwa hadi siku za mwisho?