Dagaa wa Kigoma wanapungua: kosa la mvuvi au la joto?

Mleta mada: Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, ili dagaa na migebuka wazaliane. Sipingi kufunga. Napinga hadithi inayoambatana nako, kwamba mvuvi wa kipe, ile boti ya kuvulia dagaa, ndiye aliyelimaliza ziwa na akikaa nyumbani kidogo litajaa tena.

Ziwa lile lina kina cha karibu mita 1,470. Samaki wapo juu, rutuba imelala chini. Kila kinachokufa kinazama gizani kusiko na oksijeni, na ni upepo wa kusi wa kiangazi unaoyakoroga maji mpaka rutuba ipande, mwani uote, vijidudu wale mwani, dagaa wale vijidudu. Sasa maji ya juu yakishapata joto yanakuwa mepesi, yanaelea kama mafuta juu ya mchuzi. Kusi itavuma weee, chini haifiki. Mwaka 2003 watafiti walikadiria uzalishaji wa mwani umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Mwaka 2016 wengine wakachunguza tope la chini ya ziwa, wakakuta mabaki ya samaki yalishaanza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujashika kasi katikati ya karne ya 20. Na huko nyuma nako alikuwa mvuvi wa kipe?

Mchangiaji: Mkuu, usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi nimekulia mwaloni. Kokoro linavutwa mpaka ufukweni na kuzoa samaki wachanga waliojificha hukohuko. Watu wanaunga vyandarua vya mbu! Joto halijashona kokoro hata moja. Na hao watafiti wako hawakukubaliana wote, wapo waliojibu kuwa kushuka kwa samaki kunaelezeka kwa uvuvi wenyewe.

Mleta mada: La kokoro nakupa, sina ubishi. Lakini angalia tunakoelekea. Kama tatizo ni nyavu tu, tunafunga, tunafungua, tunarudi na mitumbwi ileile. Kama maji yenyewe yanalisha samaki wachache kuliko zamani, basi idadi ya vyombo vya leo haiwezi kupimwa kwa ziwa la enzi za babu zetu. Itabidi vipungue moja kwa moja, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia pamoja, maana dagaa hawana pasipoti. Hapo ndipo kila mwanasiasa anapokohoa. Na moshi uliopasha maji haya sehemu kubwa haukutoka Kigoma, kwa hiyo anayepunguziwa riziki ana haki ya kuuliza fidia iko wapi.

Mchangiaji wa pili: Nyie endeleeni na mwani wenu. Mimi naanika dagaa, mtaji ni wa kausha damu, mikopo ile ya riba kali. Miezi ile mitatu ziwa lilifungwa. Kausha damu nayo ilifungwa?