Naomba ushauri: nimsomee nyanya kitabu gani baada ya Vuta n'kuvute?

Binti Langoni
Assalam aleikum wapenzi wa vitabu. Mimi niko Lamu, mtaa wa Langoni, na nataka msaada wenu wa haraka maana nyanya ashaniuliza mara tatu tangu asubuhi kitabu kipya kiko wapi na mimi sina jibu.

Nyanya macho yamemuisha nguvu, la kulia halioni kabisa na la kushoto yuwaona ukungu tu. Zamani alikuwa msomaji mkubwa, Kurani yake kila alfajiri, na tendi za herufi za Kiarabu alizoachiwa na mamake. Sasa tangu Mfungo Sita mimi humsomea kila usiku baada ya isha, nusu saa hivi, yeye kitandani mimi chini mkekani. Tulianza na Vuta n'kuvute cha Adam Shafi na wallahi sikutarajia ilivyomshika. Pale Yasmin anapokataliwa na watu wake mwenyewe, kisha Mwajuma anampokea nyumbani kwake, nyanya alinambia rudia hapo, nikarudia, akanambia rudia tena. Mpaka leo akimsifu jirani yetu mmoja humwita Mwajuma. Na zile sehemu Denge anawindwa na polisi wa mkoloni alikuwa anaketi kitandani kabisa, nikifunga kitabu ananuna.

Tulipomaliza nikaleta Rosa Mistika cha Kezilahabi kwa sababu mimi nakipenda mno, nilikisoma nikiwa chuo na bado naona hakuna aliyeandika kuhusu baba mkali anavyomharibu bintiye kama yeye. Lakini nilikosea kuchagua. Tulifika kama nusu nyanya akanishika mkono akasema funga, huyu mtoto hana mtu hata mmoja wa kumuongoza ndia? Usiku ule hakulala. Kitabu ni kizuri, nasimama hapo, ila si cha kumsomea mtu wa umri wake kabla ya kulala, na ningefaa nifikirie hilo mapema.

Kwa hivyo nipeni kitabu kinachovuta, Kiswahili kisiwe cha kamusi, kiwe na watu wa kupendwa ndani. Mwezi huu naweza kununua kimoja tu, naagiza Mombasa kinakuja na basi mpaka Mokowe halafu boti, kwa hivyo nikikosea ndio basi tena mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Msomaji wa Malindi
Waaleikum salaam ukhti. Kama amempenda Adam Shafi kwani unahangaika nini, mpe Kuli. Ni Unguja ileile ya mkoloni lakini sasa uko bandarini na Rashidi na wenzake wanaobeba mizigo, mpaka ule mgomo wa makuli wa 1948. Mimi babangu alikuwa akipakua mizigo gati la Mombasa na nilipokisoma nilielewa kwa nini alikuwa akirudi nyumbani hasemi neno. Kipo pia Kasri ya Mwinyi Fuad ila hicho yule Kijakazi anateswa sana, baada ya Rosa usimpe hicho sasa hivi.

Mama Wawili
Siku Njema cha Ken Walibora, Mungu amrehemu. Kongowea Mswahili anatoka Tanga anamtafuta baba yake bara, kuna safari, kuna watu wema na wabaya. Wanangu tulikisoma sote sebuleni. Machozi yapo ila mwisho unapumua.

Kijana wa Mokowe
Mimi nasema The Dragonfly Sea cha Yvonne Owuor, 2019. Kimewekwa hapo Pate kwetu, msichana Ayaana anakulia kisiwani halafu anapelekwa Uchina. Bahari imeandikwa vile tunavyoijua sisi, nilikisoma kwa wiki mbili sikutaka kiishe. Ni Kizungu lakini waweza kumtafsiria ukisoma.

Binti Langoni
@Kijana wa Mokowe nimekisoma kakangu na nakubaliana nawe kuhusu bahari. Lakini kutafsiri papo kwa papo nilijaribu kurasa mbili, nikawa nasimama kila sentensi, na Kizungu cha yule mwandishi kimepindwa makusudi kiimbe, mimi nikikileta Kiswahili haraka haraka wimbo unakufa. Nyanya aliniambia sauti yangu imekuwa kama ya mtu anayesoma risiti. Kikitafsiriwa siku moja na mtu wa huku nitakuwa wa kwanza kununua.

@Mama Wawili asante dadangu, Siku Njema tulisoma shuleni, nitamuuliza.

Maalim Mstaafu
Mwanangu, umesema nyanya ana tendi za mamake. Kwa nini unatafuta mbali? Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa 1858, mama yuko mgonjwa anamuusia bintiye Mwana Hashima, na mama huyo ni wenu, wa Pate, mumewe Bwana Mataka alikuwa mtawala wa Siyu. Al-Inkishafi nayo inawalilia matajiri wa Pate waliopita na majumba yao. Kazi kama hizi zilikusudiwa sikio tangu mwanzo, mtu mmoja asome na wengine wasikilize. Riwaya ni za kusoma kimya peke yako.

Binti Langoni
Shikamoo maalim. Ya Mwana Kupona anayo kichwani. Nilijaribu kumsomea, nikawa kila beti nasahihishwa, mara nimevunja mizani, mara neno la Kiamu nimelitamka kimjini. Mwisho mimi ndiye niliyekuwa nasomewa, na nimeanza kumrekodi kwa simu kidogo kidogo. Lakini mwenyewe anasema utendi anaujua unakokwenda, na sasa anataka kisa asichokijua mwisho wake. Na kwa heshima maalim, sikubali kuwa riwaya ni ya kusoma kimya. Ungeuona uso wake siku zile za Denge.

Maalim Mstaafu
Marahaba. Kama ni mwisho asioujua, nenda kwa Muhammad Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, Bwana Msa na kiko chake na rafiki yake Najum wanamtafuta aliyemuua Bwana Ali. Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, mazungumzo mengi, nawe utapata kubadilisha sauti kwa kila mtu. Nimekisomesha miaka mingi na hakuna darasa lililosinzia.

Msomaji wa Malindi
Hapo maalim kanishinda, hata mimi nakubali 😊 ila ukhti usimsahau Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki. Jamaa alifungwa miaka mitatu, 1969 mpaka 1972, kwa sababu ya karatasi aliyoandika kuuliza Kenya twendapi, na mashairi yale aliyatunga humo humo gerezani. Kimvita chake nyanya atakisikia bila shida. Shairi moja kwa usiku.

Mama Wawili
Jela tena jamani? Mzee wa watu hajapona ya Rosa.

Msomaji wa Malindi
Dada, mashairi yale hayamlazi mtu na huzuni, yanampa nguvu. Ni mtu aliyekataa kuvunjika. Mimi niliyasoma mwaka niliopoteza kazi, usiku, na ndiyo yaliyonisimamisha.

Ukhti wa Mkomani
Peponi pia, kile cha Gurnah aliyepata Nobel 2021, Ida Hadjivayanis amekitafsiri kwa Kiswahili kitamu sana. Ila Yusuf ana miaka 12 anatolewa nyumbani kwa deni la babake, kwa hivyo pima mwenyewe.

Binti Langoni
Narudi na majibu. Nilimsimulia nyanya mwanzo tu wa vitabu vinne, Kuli, Siku Njema, Peponi na Bwana Msa, bila kumwambia nani kapendekeza nini. Ya Yusuf alinyamaza muda mrefu, akasema hicho tukisome baadaye, babangu pia alipelekwa kwa nahodha akiwa mdogo. Hilo sikuwahi kulisikia maishani mwangu, na mama pia hakuwahi. Nimemuomba anisimulie, akasema siku yake itafika.

Akachagua Bwana Msa. Kimefika Ijumaa na boti ya saa nane, tuko usiku wa tatu. Ashamshuku mtu mmoja, simtaji kwa wale hawajasoma, na amenikataza nisisome mbele peke yangu mchana, kitabu analala nacho chini ya mto. Maalim, Mungu akuweke.

Msomaji wa Malindi, Sauti ya Dhiki yako unaweza kuniazima? Nina shangazi anapanda basi la kuja huku Jumatano, nitakutumia namba yake ukiniandikia pembeni.