Tupeane uzoefu: kiti cha ofisi kinachoyumba au kulalia upande, ulikitengenezaje?

Wakuu, habari za jioni.

Nafanya hesabu za watu nikiwa nyumbani, kutwa nzima kitini. Kiti changu cha kuzunguka kilianza kulalia kushoto, nikiinuka jioni nyonga inawaka. Nilikaza bolti mara tatu, kesho yake kimerudi palepale. Jumamosi moja nikakipindua sebuleni na kufungua bolti zote nne za lile bamba la chuma chini ya kalio la kiti. Tundu moja la plaiwudi lilikuwa limelika hadi likawa na umbo la yai, na ile nati yenye meno iliyopigiliwa ndani ya ubao ilikuwa inazunguka pamoja na bolti. Kumbe siku zote nilikuwa nakaza hewa.

Nilibandua kitambaa, nikaing'oa nati ile, nikapitisha bolti ndefu kutokea juu, na washa pana chini ya kichwa chake isije ikazama kwenye ubao. Kwa chini nikaweka springi washa na nati. Bolti zote nne nilizianza kwa vidole, ndipo nikakaza kwa kukingamisha: mbele kulia, nyuma kushoto, halafu zile mbili nyingine. Ukiimaliza moja kabla ya wenzake, bamba linakaa kombo. Hii wiki ya tatu, kiti kimetulia.

Naomba na ninyi mseme yaliyowakuta, maana viti vingi vinatupwa jalalani kwa kosa dogo kama hili.

Mdau, Arusha
Hongera mkuu. Mimi kabla ya kushika spana huwa natafuta kwanza ugonjwa uko wapi. Weka kiti kwenye sakafu iliyo sawa, usisogeze miguu, kisha zungusha kalio nusu mzunguko. Kama bado kinalalia upande wa ukuta uleule, tatizo liko chini: gurudumu, mguu au sakafu yenyewe. Kama mwinamo umehama pamoja na kalio, angalia bamba na bolti zake, au mti wa shokapu (ile nguzo ya gesi ya katikati inayopandisha na kushusha kiti) uliopinda. Dakika moja tu, na inakuokoa kufungua kitu kizima.

Mdau, Mombasa
Changu kilikuwa na ufa kwenye mguu mmoja wa ile nyota ya plastiki inayoshika magurudumu. Kikiwa kitupu huuoni, mtu akikaa unafunguka. Gundi haikumaliza siku mbili. Nikapata nyota ya chuma kutoka kiti kilichokufa. Shokapu haifungwi kwa bolti pale chini, imekaa kwa kubana tu, kwa hiyo nilipindua kiti nikaigonga kwa nyundo ya mpira mpaka ikaachia.

Jambo moja nawasihi jamani. Fundi mmoja wa kuchomelea aliniambia nimletee shokapu aipige welding isizame tena. Nilikataa. Ndani mna gesi ya nitrojeni iliyoshindiliwa, ukiipasha moto inaweza kupasuka na kuua mtu. Ikiwa imekufa, nunua nyingine.

Mdau, Dodoma
Mimi ni mpokea wageni, droo zangu zote ziko kulia, basi siku nzima naegemea huko. Bamba lilipinda. Fundi akalinyoosha kwa nyundo, likakaa wiki mbili likapinda tena mahali palepale, na safari hii na mstari wa ufa. Chuma kikishakunjwa hapo hakina nguvu tena. Nilinunua bamba jingine, lakini safari ya kwanza nilirudi mikono mitupu kwa sababu mabamba hayalingani. Pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu jingine, urefu na upana, uandike kwenye karatasi ndipo uende dukani.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Dada wa Dodoma, umenigusa: droo zangu ziko kushoto, upande uleule kiti kilikolalia. Kesho nazihamishia mbele yangu, na hilo bamba nalipiga rula kuona kama bado limenyooka.