Grinkadi imepitwa na tarehe, nina I-797 ya I-90: duka limekataa kunipa bunduki

Msakatonge, Brooklyn Park MN – Oktoba 8, 2024

Wakuu, salaam. Alhamisi nilijaza 4473 (fomu ya shirikisho ya kununulia bunduki) kwenye duka moja la huku, shotigani ya kuwindia tu. Grinkadi imepitwa na tarehe mwezi wa nane, I-90 (ombi la kadi mpya) iko ndani na I-797 (risiti yake) ninayo mkononi. NICS (ukaguzi wa FBI kwa mnunuzi) wakarudisha DELAYED, yaani subiri. Leo mwenye duka ananiambia hata siku tatu zikiisha hanipi mpaka aone kadi mpya, na nikitaka pesa yangu anakata asilimia 20. Naomba kujua mambo mawili: I-797 inatosha? Na hiyo asilimia 20 ana haki nayo? Msimu wa kulungu unafunguliwa mwezi ujao.

Baba Chebet, Dallas

Pole sana mkuu, hiyo ndiyo Minnesota ya gavana Walz. Huku Texas tangu Septemba 1, 2021 mtu wa miaka 21 ambaye sheria haimzuii anabeba bastola bila kibali chochote. Na ukitaka kuepuka mambo ya DELAYED, unachukua LTC (leseni ya kubeba bastola) kwa dola 40, ukifika dukani hupigiwi NICS kabisa. Kuhusu kesi yako: hakikisha umemaliza siku 90 ndani ya jimbo, beba bili ya umeme ya miezi mitatu kama ushahidi. Halafu Novemba 5, siku ya uchaguzi, mkumbuke kwamba Trump ndiye aliyetiwa muhuri na NRA, chama cha wenye bunduki, pale pale Dallas tarehe 18 Mei.

Mama Lowell

Baba Chebet, tafadhali usiwapotoshe watu. Sharti la siku 90 kwa wasio raia ATF, wakala wa shirikisho wa silaha, walilifuta mwaka 2012. Miaka kumi na miwili! Na bili ya umeme ya kampuni binafsi haifai kitu, kwa sababu hati ya kuongezea anwani lazima iwe imetolewa na serikali: usajili wa gari kwa mfano. Na LTC ya Texas inakuondolea NICS, haikuondolei 4473. Fomu unaijaza vile vile.

Msakatonge, sikiliza. Kinachoisha muda ni kadi. Ukaazi wako wa kudumu hauishi. Kwa hesabu ya shirikisho duka linahitaji kitambulisho cha serikali chenye picha, tarehe ya kuzaliwa na anwani unayolala (si P.O. Box), yaani leseni yako ya udereva, pamoja na namba yako ya A (ya uhamiaji). Grinkadi haina anwani, kwa hiyo peke yake haikamilishi kitambulisho hata ikiwa mpya inang'aa. Na I-797 za I-90, tangu Septemba 10 mwaka huu zinaongeza miezi 36 kutoka tarehe iliyo kwenye kadi. Zamani ilikuwa 24. Kama yako inasema 24, soma tangazo la USCIS (idara ya uhamiaji), ulichapishe, uambatanishe.

Kuhusu DELAYED: asiye raia yeyote anapitishwa kwenye IAQ, ambayo ni ulizo linalokwenda ICE, polisi wa uhamiaji, kuthibitisha hadhi. Jibu la ICE lisiporudi wakati mwenye duka yuko kwenye simu, inaandikwa DELAYED. Si kwamba umeonekana mhalifu.

Ustadh wa Columbus

Naongezea hapo kwenye siku tatu maana ndipo watu wanapogombana na maduka bure. Ni siku tatu za kazi, siku ya kupiga NICS haihesabiwi, na siku ambazo ofisi za jimbo zimefungwa hazihesabiwi. Ukikaguliwa Alhamisi, unahesabu Ijumaa, Jumatatu, Jumanne. Jumatano ndiyo duka *linaweza* kukupa. Linaweza. Hakuna sheria ya shirikisho inayolilazimisha, na maduka mengi makubwa hayatoi mpaka PROCEED (ruhusa) yenyewe ije. Mnunuzi aliye chini ya miaka 21 anaweza kusubirishwa hadi siku 10 za kazi, tangu ile sheria ya bunduki ya Juni 2022. Na ukaguzi mmoja unaishi siku 30 tu, baada ya hapo mnaanza upya.

Wenzetu wa majina ya Mohamed, Ali, Hassan: mkichelewa kila mara, ombeni UPIN, namba ya kukutambulisha. Unajaza VAF (ombi la hiari) kwa FBI, unatuma alama za vidole, unapewa namba, na ununuzi unaofuata unaiandika kwenye 4473. Inamtenga Ali huyu na Ali wa magereza ya Ohio. SSN (namba ya Social Security) kwenye fomu ni hiari, lakini ukiiacha wazi usilalamike.

Makosa mengine madogo yanayorudisha fomu: kabila (ethnicity) na asili (race) ni visanduku viwili tofauti, vyote vinajazwa. Kama huna jina la kati unaandika NMN (no middle name), huachi wazi. Na jina liwe kama lilivyo kwenye leseni, si kama unavyoitwa msikitini.

Kitoko, Louisville KY

Ndugu zangu, na sisi tuliokuja kama wakimbizi? Kuna mtu wa duka hapa anawaambia vijana wetu kwamba bila grinkadi hakuna bunduki.

Mama Lowell

Anakosea. Marufuku ni kwa asiye na hadhi halali na kwa aliyeingia na visa isiyo ya uhamiaji: F-1 (masomo), H-1B (kazi), B-2 (matembezi) na ndugu zake. Mkimbizi hakuingia na visa ya aina hiyo. Anaandika namba ya I-94 (rekodi ya kuingia nchini) pale fomu inapoulizia namba ya A au ya kuingilia. Tofauti ni kwa mtu aliyekuja na B-2 akaomba hifadhi. Huyo asiguse kitu kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji, na nasema wakili, sio mhubiri anayejaza fomu.

Ustadh wa Columbus

Hapa kwenye B-2 ndipo pana hatari kubwa kuliko hiyo shotigani ya Msakatonge. Binamu anakuja kutembea wiki tatu, mnampeleka kwenye kiwanja cha shabaha, anapiga risasi mbili, mnampiga picha, mnaiweka Facebook. Kisheria, mwenye B-2 *kushika* bunduki ni kosa la shirikisho, hata kama ni ya kukodi, hata dakika tano. Njia ya kawaida ya kutoka humo ni leseni halali ya kuwinda ya jimbo lolote la Marekani. Sasa mwenye F-1 anayetaka shabaha akate leseni hiyo kwanza, aiweke mfukoni, isiwe imeisha. Watu wanacheka lakini kosa la bunduki ni moja ya sababu zilizoandikwa waziwazi za kumfukuza mtu nchini, hata mwenye grinkadi ya miaka ishirini.

Na nyumbani: wewe una grinkadi, mkeo yuko F-1. Bunduki ikae kwenye sefu, na namba ya sefu asiijue. Akiwa na ufunguo, mwendesha mashtaka atasema silaha iko mikononi mwake pia.

Na lile la kumnunulia shemeji mwenye H-1B kwa sababu “yeye hawezi na mimi naweza”: swali la kwanza kabisa la 4473 kuhusu ununuzi ni kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Tangu 2022 adhabu yake inafika miaka 15. Zawadi ya kweli inaruhusiwa, ukiinunua kwa pesa yako na anayepewa hazuiliwi na sheria. Shemeji wa H-1B anazuiliwa.

Mkereketwa wa Katiba, Houston

Mnaona sasa! Makaratasi yote haya kwa haki iliyoandikwa kwenye Katiba tangu 1791. Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Heller 2008 walisema ni haki ya mtu binafsi, kwenye Bruen Juni 2022 wakasema 6 kwa 3 kwamba New York haiwezi kumdai raia sababu maalum ya kujilinda ndipo abebe bastola, sheria ambayo mizizi yake ni ya 1911. Hizo kura sita zimetoka wapi? Gorsuch, Kavanaugh, Barrett: watatu aliwaweka Trump. Harris, mpinzani wake, mwaka 2019 alitaka bunduki za mtindo wa kivita zinunuliwe kwa lazima na serikali, leo kwenye mdahalo anajinadi kwamba yeye na Walz, mgombea mwenza wake, wana bunduki. Walz huyo huyo aliyewahi kupewa alama A na NRA, Mei 2023 akatia saini sheria ya kunyang'anya bunduki kwa amri ya hakimu. Ni wakati wa kampeni tu wanapopenda bunduki.

Baba Chebet

Amina.

Mhafidhina wa Kale, Tulsa

Mimi ni mhafidhina kuliko nyinyi wawili, na ndiyo maana sinywi maji hayo mazima mazima. Ni utawala wa nani ulipiga marufuku bampustoki (kitako kinachofanya bunduki ifyatue mfululizo)? Wa Trump, Desemba 2018, baada ya mauaji ya Las Vegas. Ilibidi Mahakama ya Juu iifute Juni 14 mwaka huu, kesi ya Cargill, 6 kwa 3, kwa sababu ATF walijitungia sheria ambayo Bunge halikuitunga. Februari 2018 alisema mbele ya kamera kwamba bunduki zichukuliwe kwanza, utaratibu wa mahakama ufuate. Huo ndio msingi wa sheria ya Walz mnayoilaani. Majaji aliowateua ni wazuri, sikatai, na kwa hao peke yao anastahili kura. Lakini kura ni mkataba wa kazi, mnamdai, hamumwimbii. Na Mei 30 alitiwa hatiani kwa makosa 34 New York; kwa sheria ile ile ya shirikisho inayomzuia kijana wa Memphis, na yeye hawezi kumiliki bastola. Kama mhafidhina anaona hilo si sawa, basi aanze kuuliza kwa nini mtu aliyeghushi cheki anawekwa kundi moja na jambazi.

Mkereketwa wa Katiba

Kesi ya New York ni siasa, usiilete hapa.

Mama Lowell

Wote mnaopiga kelele za Novemba 5, nani kati ya wasomaji ana grinkadi? Hampigi kura. Kura ya asiye raia ni kosa la jinai, na hata kujiandikisha peke yake kunaulizwa kwenye N-400 (ombi la uraia). Minnesota mwaka huu imeanza kuwaandikisha watu moja kwa moja wanapochukua leseni. Ukipata kadi ya mpiga kura kwa posta na wewe si raia, andika barua ufutwe, utunze nakala, usiitupe tu kwenye taka.

Linafanana kabisa na 4473. Pale kwenye uraia, watu wanapitia visanduku haraka haraka wanaweka alama kwenye Marekani kwa sababu ndicho kilicho juu. Hapo umedai uraia wa uongo kwa maandishi na saini, kwa hati ambayo duka linaitunza. N-400 inauliza kama uliwahi kudai uraia kwa njia yoyote. DELAYED haimfukuzi mtu nchini, lakini kisanduku hicho kinaweza. Ukigundua kabla ya kuondoka dukani, omba fomu mpya, usikorogekoroge kwa kalamu.

Na bangi, maana mko Minnesota. Jimbo limeruhusu tangu Agosti 2023, shirikisho halijaruhusu, na fomu yenyewe inalionya hilo kwa herufi nzito. Ukijibu ndiyo, hupewi. Ukijibu hapana nawe unavuta, umesema uongo kwa shirikisho. Asiye raia akikiri amejiharibia mara mbili, kwa ATF na kwa uhamiaji.

Baba Chebet

Kuchangia kampeni je? Au hilo nalo ni kosa, mama?

Mama Lowell

Mwenye grinkadi anaruhusiwa, hadi dola 3,300 kwa kila uchaguzi kwa mwaka huu wa 2024, na mchujo unahesabiwa peke yake. Mwenye H-1B au F-1 haruhusiwi hata dola moja, na kofia nyekundu ya Trump ukiinunua kwenye duka rasmi la kampeni inahesabiwa kuwa mchango. Anunue ya mchuuzi wa barabarani.

Kitoko, Louisville KY

Mi nawasoma tu. Huko Kivu kila mwenye bunduki anasema ni ya kujilinda. Hii haki yenu mnaipenda kwa sababu hamjaona kijiji kizima kinayo.

Mkereketwa wa Katiba

Ndugu Kitoko, kwa heshima, Kivu walio na bunduki ni makundi, raia mwema hana. Angalia Nairobi Juni 25, vijana wenye chupa za maji na bendera wakapigwa risasi nje ya Bunge. Serikali inayojua raia hana kitu ndiyo hiyo.

Ustadh wa Columbus

Vijana wale wangekuwa na bunduki siku ile, jeshi lingetoka mchana badala ya jioni na waliokufa wangekuwa wengi zaidi. Mswada wa kodi waliokuwa wanaupinga ulikufa kwa sababu dunia nzima iliona hawana silaha. Tusiwapangie kutoka Houston.

Mhafidhina wa Kale

Hapo nakubaliana na Ustadh, na mniandike kwenye daftari.

Msakatonge

Asanteni kwa ya I-797, nimelipeleka tangazo la USCIS dukani. Asilimia 20 bado.

Baba Chebet

Ungejaza N-400 badala ya I-90 ungekuwa na maneno machache leo. Kwa mtandao N-400 ni dola 710, I-90 ni 415. Risiti ya N-400 yenyewe inaongeza kadi miezi 24, tangu Desemba 2022. Umelipa 415 ili uendelee kuwa mgeni.

Mama Lowell

Kwa mara ya kwanza Baba Chebet amesema kitu sahihi. Ila awe ametimiza miaka mitano, au mitatu kwa aliyeolewa au kuoa raia na wanaishi pamoja.

Ustadh wa Columbus

Kabla hamjaanza tena: Desemba inakuja na watu wanakata tiketi za Mombasa na Dar. Begi lililokwenda kwenye kiwanja cha shabaha lisifungiwe nguo za safari. Risasi moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa pembeni, Kenya ni kosa chini ya Sura ya 114, sheria yao ya silaha, iwe una bunduki au huna, na kibali chako cha Ohio huko ni karatasi ya kufungia maandazi. Tanzania nao wana sheria yao ya 2015. Geuza begi, fungua kila zipu, pitisha vidole kwenye mishono, kagua na koti la kuwindia, maana maganda ya shotigani hupenda kubaki kwenye mifuko ya chini. Na usipakie bunduki kwa kufikiri unampelekea mjomba: kuitoa Marekani kuna vibali vyake, kuiingiza kuna vyake, na leseni ya huko inaombwa kwa bodi ya silaha na anayeishi huko.