Mjadala: Mtafiti apime makala ya kitafiti kwa kutegemea habari za magazetini?

Mfaume (Mtwara): Hapana. Tuchukue jaribio la dawa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, kwenye mikorosho. Gazeti litasema "dawa mpya yaipiku salfa", yaani dawa ya zamani. Mimi naanza na ramani ya miti. Salfa ya unga hupulizwa gramu 250 kwa mti, kila baada ya wiki mbili, na upepo haujui mpaka wa kitalu. Pasipo mistari ya miti ya kinga katikati, ule mti ulioachwa bila dawa makusudi umeshapakwa na jirani yake. Hapo unalinganisha salfa na salfa. Habari haitakwambia hilo, na muhtasari wa makala wenyewe huwa kimya.

Somoe (Lindi): Kaka Mfaume, umechagua uwanja wa nyumbani! Mei 22, 2020 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa makala kuhusu haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, kwa wagonjwa wa korona. Wahakiki, wataalamu wanaopima makala kabla haijachapishwa, walikuwa wameipitisha. Gazeti la Guardian la Australia likafanya hesabu ya kitoto tu: makala ilitaja vifo 73 vya korona nchini humo hadi Aprili 21, takwimu za wazi zikionyesha 67. Wakaichimba Surgisphere, kampuni iliyotoa data. Juni 4 makala ikafutwa, data isithibitike. Ramani ya miti ina faida gani kama miti yenyewe haipo?

Mfaume: Dada Somoe, usisahau kuwa watafiti zaidi ya 100 walishasaini barua ya wazi kuitilia shaka.

Somoe: Walisaini, ndiyo. Ila kampuni ilibishiwa hodi na waandishi.

Mkumba (Mtwara): Mnabishana kana kwamba tuna hiari. Utafiti wa 1991 uliangalia makala za jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine: zile ambazo gazeti la New York Times liliziandikia habari zilinukuliwa na wanasayansi karibu asilimia 73 zaidi ya zisizoandikiwa, mwaka wa kwanza. Utasema gazeti lilichagua zilizo bora. Sasa, mwaka 1978 wafanyakazi wa gazeti hilo waligoma wiki 12. Gazeti likaandaliwa kwa kumbukumbu tu, halikuuzwa. Makala zilizochaguliwa kipindi hicho hazikupata nyongeza yoyote. Kwa hiyo tunasukumwa na magazeti, tena bila kujijua. Mhakiki aandike kwanza uamuzi wake kuhusu mbinu, idadi ya sampuli na ulinganisho, auwekee tarehe, ndipo afungue gazeti.

Somoe: Na akikuta humo kwamba data haina mwenyewe?

Mkumba: Aongeze aya chini, yenye tarehe yake. Ile ya juu asiiguse.

Mfaume: Hapo nimekuelewa. Lakini aya hiyo iombe data ghafi kwa mhariri wa jarida. Kubandika kichwa cha habari si uhakiki.